Kivuli Kando ya Kiti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifungua studio pamoja na baba yake. Baba alipandisha mlango wa chuma. Chiriku alifagia, akapangusa kiti cha wateja, kisha akalinyoosha pazia jeupe lililoning'inia nyuma ya kiti. Mama alikuwa akisema kwamba pazia likiwa na mikunjo, mteja ataonekana kama aliyepigwa picha akiwa bado kitandani. Mama mwenyewe alikuwa amefariki, lakini pazia liliendelea kunyooshwa.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu, kimebanwa kati ya duka la vitambaa na kinyozi. Zamani kazi ziligawanywa vizuri. Mama alipiga picha, baba akazichapa na kuzitia kwenye fremu. Baba alikuwa mtu wa gundi na vioo, maneno yake ya kutwa nzima yangeweza kuenea kiganjani. Mwenye mdomo alikuwa mama. Mteja akikaa pale kitini amekakamaa, mama humwambia, "Shusha mabega, hukamatwi." Mteja akacheka, mabega yakashuka, na hapo hapo mama akabonyeza. Binti yake alirithi mdomo huo huo, ndiyo maana watu wakamwita Chiriku, kwa jina la ndege asiyejua kunyamaza.

Ila siku hizi Chiriku alikuwa kimya. Majirani walisema, masikini, ni msiba. Hawakukosea, lakini walijua nusu tu ya habari.

Nusu nyingine ilikuwa ndani ya kamera ya mama. Ilikuwa kamera ya dijitali ya miaka mingi, mpira wake umelika pale kiganja cha mama kilipozoea kushika. Mama aliipenda mno. Akiwa amefurahi aliipigapiga mgongoni na kusema, "Kila niliyempiga picha yumo humu. Mji mzima umo humu." Kweli, mji mzima ulikuwemo, isipokuwa yeye mwenyewe. Mpiga picha nani humpiga? Msiba ulipotokea walipekua kila mahali kutafuta picha yake ya kuweka kwenye fremu. Walipata moja tu, ya kitambulisho, iliyopigwa enzi za usichana wake, na hata baba alikiri kwamba haikufanana naye.

Basi mchana mmoja, wageni wa msiba walipokwisha kuondoka na baba amelala kwa uchovu, Chiriku aliichukua ile kamera. Aliwaza hivi: kama mji mzima umo humu, huenda na mwenyewe amebaki kidogo. Akaitoa lenzi kama alivyomwona mama akifanya. Akabonyeza kitufe cha kusafishia, kioo kidogo kikainuka, na jicho la ndani likabaki wazi likimetameta. Hilo ndilo jicho linaloipokea picha. Mama alikuwa akilipuliza litoke vumbi kwa kipira maalumu cha hewa, na alishamwonya: "Hili hata mimi siligusi." Chiriku aliingiza kidole. Akaligusa, akakivuta kidole polepole kuelekea pembeni. Alichokipata ni ubaridi wa kioo, basi. Alirudisha lenzi, akaiweka kamera mahali pake, akaenda kunawa mikono.

Baba aliporudi kazini ilibidi aishike kamera yeye mwenyewe. Mteja wake wa kwanza alikuwa mzee aliyetaka picha ya kitambulisho. Picha ilipotokea kwenye kompyuta, baba akainama kuitazama. Upande wa kushoto, kando ya bega la mzee, palikuwa na kivuli cha kijivu, kirefu na chembamba. Juu kilikuwa cha mviringo kama kichwa, chini kimeshuka kama gauni. Baba aligeuka kutazama pazia. Hapakuwa na kitu. Akapiga picha nyingine, na kivuli kikatokea pale pale, mahali ambapo mama alizoea kusimama akimtengenezea mteja kola ya shati.

Mzee alipoondoka, baba alimwita binti yake. "Chiriku, njoo uone. Mama yako hajaondoka."

Akatabasamu. Tangu msiba baba hakuwa ametabasamu, na Chiriku alikuwa ameanza kuogopa kwamba hatatabasamu tena. Mdomo wake ulijaa maneno, lakini aliyameza yote.

Uongo wa kumeza, jamani, haukai tumboni ukatulia. Tangu siku hiyo, kila jioni mteja wa mwisho akishaondoka, baba alikipiga picha kiti kitupu. Kisha aliketi mbele ya kompyuta akikitazama kile kivuli na kuzungumza nacho kwa sauti ya chini. Chiriku akiwa nyuma ya pazia na vitabu vyake alimsikia akisema, "Leo alikuja mtoto analia. Ungekuwepo ungemchekesha." Halafu baba alinyamaza kidogo, kama anayesubiri kujibiwa. Vinyweleo vilimsimama Chiriku. Alijua fika kwamba kile ni kidole chake, na bado hakuthubutu kubaki peke yake chumbani. Akinyoosha pazia asubuhi, alilinyoosha haraka huku akiangalia mlango.

Wateja wakaanza kupungua. Picha zenye kivuli zilikataliwa maofisini, na wenye imani zao wakawa wanavuka barabara wasipite karibu na studio. Kinyozi alitania kwamba hata kwake watu wananyolewa wakiwa wamefumba macho, wasije wakakiona kivuli kwenye kioo. Hatimaye shangazi, dada yake baba, akaja na kuikazia macho ile kamera pale mezani.

"Kaka, chombo hiki kimezeeka," alisema. "Ama kitengenezwe, ama tutafute kingine. Chagua moja, lakini hivi hivi hapana."

"Fundi akiifungua ataifuta," baba alijibu. "Na hiyo mpya haina yeye."

"Haina nani?"

Baba aliivuta kamera karibu naye. Shangazi alimgeukia Chiriku, na Chiriku akatazama viatu vyake.

Muda si mrefu baba aliitwa shuleni kwa akina Chiriku kuwapiga picha za vyeti wanafunzi wa darasa la mwisho. Ilikuwa kazi kubwa, na shangazi ndiye aliyemwombea kwa mwalimu mkuu. Baba akaenda na kamera ile ile. Picha zilipogawiwa darasani, kelele zilikatika ghafla. Kando ya kila mtoto alisimama yule yule mtu wa kijivu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Twiga, jirani yake Chiriku wa dawati moja, mvulana mrefu mwenye pumu. Wiki chache nyuma alikuwa amelazwa hospitali, na mama yake alikuwa amekata tamaa. Twiga aliitazama picha yake kwa muda mrefu, akaigeuza uso chini. Kesho yake hakuja shuleni, wala siku iliyofuata.

Mwalimu mkuu alimwita baba ofisini. Hakuwa mkali. "Kazi hii irudiwe kesho kutwa," alisema, "la sivyo nitalazimika kumwita mpiga picha mwingine. Wazazi wananiuliza nimeleta kitu gani shuleni."

Mchana huo Chiriku alimpitia Twiga nyumbani kwao. Alimkuta amekaa kitandani, ameegemeza mgongo ukutani ili nyuma yake pasiwe na nafasi ya mtu kusimama. Sahani ya chakula ilikuwa pembeni, haijaguswa.

"Chiriku," Twiga aliuliza, "wewe unashinda naye kule studio. Ananitaka nini?"

"Hakutaki kitu."

"Umejuaje?"

Chiriku alifungua mdomo. Pale pale aliona kwamba ukweli ule hauwezi kusemwa kwa Twiga kabla ya kusemwa kwa baba. "Kula kwanza," alisema. "Kesho kutwa njoo shuleni, nitakwambia nimejuaje. Nakuahidi." Akaondoka mbio, maana angebaki angelia.

Alimkuta baba amefungua studio lakini hana mteja, kamera iko mkononi, ameielekeza kwenye kile kiti kitupu. Chiriku alisimama mlangoni akihema. Moyo ulimwambia arudi. Baba yake hakuwa na kitu kingine cha kumfurahisha isipokuwa kile kivuli, na yeye ndiye aliyekuja kumnyang'anya.

"Baba, igeuze kamera," alisema. "Juu iwe chini. Halafu upige kiti."

Baba alishangaa, lakini aligeuza na kupiga. Wakaitazama picha pamoja. Kiti kilikuwa kimepinduka, miguu iko juu, na pazia limeota kutoka chini. Kivuli kilisimama wima vile vile, upande wa kushoto, kama vile hakikujua kwamba chumba kimepinduka.

"Angekuwa yumo chumbani, angepinduka pamoja na kiti," Chiriku alisema. "Hayumo chumbani, baba. Kivuli kiko ndani ya kamera. Ni kidole changu. Niliifungua, nikagusa lile jicho la ndani."

Nje, mashine ya kinyozi ilinguruma, ikazimika.

"Uliifungua ya nini?" hatimaye aliuliza.

"Nilikuwa namtafuta mama."

Baba aliketi kwenye kiti cha wateja. Macho yake yalikuwa mekundu. "Siku zote hizi, mwanangu. Ulikuwa unanisikia nikiongea peke yangu. Mbona hukuniambia?"

"Ulitabasamu," Chiriku alisema. "Nikaogopa nikisema utaacha."

Hapo baba akalia. Hakuwa amelia hata siku ya mazishi, alikuwa mtu wa kupokea wageni na kupanga viti. Sasa alilia kama mtoto, mbele ya pazia, na Chiriku akamshika bega akidhani ameharibu kila kitu. Lakini mkono wa baba ulikuja ukaushika wake, ukaushikilia.

Asubuhi yake walikwenda kwa fundi, na shangazi akafuatana nao. Fundi aliitoa lenzi, akachungulia kwa kioo cha kukuzia, akampa baba naye aangalie. Alama ilionekana waziwazi: kidole kidogo, mistari yake yote ipo, kimeburutwa kuelekea pembeni.

"Hili ni jambo dogo, linafutika," fundi alisema. "Ila nikiwaficha nitakuwa nawadanganya: kamera yenyewe imechoka. Kile kipande kinachofunguka na kujifunga kila ukipiga picha kimelika, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Nikiisafisha itawafanyia kazi, labda mwaka, labda pungufu. Ikigoma, msinirudishie."

"Si bora tununue mpya leo leo?" shangazi aliuliza.

Baba alifikiri. "Isafishwe," alisema. "Kazi ya watoto iishe, na tuitumie huku tukijipanga taratibu. Siku ikigoma tutanunua nyingine. Ni chombo cha kazi, dada. Nilitaka kukifanya nyumba ya mtu."

Fundi alishika kitambaa chake laini. "Nifute?"

Baba aliinamia tena kile kioo cha kukuzia, akakaa hapo kitambo. "Futa," alisema.

Siku ya kurudia picha, Twiga aliletwa na mama yake, aliyemshika mkono kwa nguvu. Chiriku alisimama mbele ya darasa zima. Alisimulia yote, kuanzia kioo kidogo mpaka kiti kilichopinduka. "Yule mtu wa kijivu alikuwa ni mimi," alimalizia. "Twiga, nisamehe. Nilijua, nikanyamaza."

Twiga alimkazia macho. "Kwa hiyo nimekosa kula siku zote hizi kwa sababu ya kidole chako?"

"Ndiyo."

"Utanipa maandazi yako ya wiki nzima."

Darasa likacheka. Lakini zamu yake ilipofika, Twiga alikaa kitini amekakamaa, shingo imenyooka, macho yakitupwa kushoto kila mara. Baba alimwomba alegee. Alimwomba tena. Hakujua la kumwambia, maneno hayakuwa kazi yake. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya kamera, nyepesi, ya mchezo, bila mwenyewe kufikiri:

"Shusha mabega, hukamatwi."

Twiga akacheka, mabega yakashuka. Kidole cha baba kilikuwa kwenye kitufe na hakikubonyeza. Aligeuka akamtazama binti yake kwa muda, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kisha akarudi kwenye kamera na kupiga. Picha ilitoka safi, Twiga na ukuta tu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kamera ikining'inia shingoni mwa baba.

"Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua," baba alisema. "Kugusa kile kioo lilikuwa kosa la mtoto, lingefutwa siku ile ile kwa kitambaa. Kunyamaza ndiko kulikomlaza Twiga na njaa na kunifanya mimi niongee na uchafu. Usininunulie furaha kwa uongo tena, hata kama unanionea huruma. Ukweli unaniliza, sawa, lakini nikishalia naweza kusimama."

"Sitarudia, baba."

"Na mimi nimekosa. Nilimtafuta mama yako ndani ya kamera, sawa na wewe. Leo nimemsikia pale darasani, na hakuwa kwenye kamera hata kidogo." Baba alivuta pumzi. "Nyumba imekuwa kimya mno. Hebu niambie, huyo Twiga amekuwa mrefu hivyo tangu lini?"

Chiriku akaanza kumsimulia, na mpaka wanafika mlangoni alikuwa bado hajanyamaza.