Mdhamini wa Vedad

Jumamosi sokoni Tuzla watu walikuwa wakipigana vikumbo, moshi wa makaa umeshuka mpaka kwenye kabichi. Nejra, ndani ya koti lake jekundu, alikuwa akivutana bei na muuza jibini aliposikia kicheko nyuma yake.

"Dada, mwachie na yeye ale."

"Wewe ndiye wakili wake?"

"Hapana. Nimenogewa tu kukusikiliza."

Huyo ndiye Vedad: viatu vinang'aa, sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Nejra alirudi nyumbani bila jibini, ila na namba ya simu.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa chuo kutunza pesa zao: kupanga matumizi, kuweka akiba, kuikimbia mikopo ya haraka. Lakini somo alilolifundisha kwa uchungu lilikuwa moja: usimdhamini mtu kwa kuona haya. Baba yake, mchimba makaa, alimdhamini rafiki wa kazini. Rafiki akatokomea Ujerumani, na mshahara wa baba ukakatwa mpaka alipoingia kaburini. Sasa mama yake, Hasnija, aliishi kwa pensheni ndogo, na Nejra aliapa kwamba hiyo haitaguswa.

Siku moja Vedad aliingia darasani, akakaa nyuma.

"Na kama anayeomba ni mchumba wako?" mwanafunzi mmoja, Lamija, aliuliza.

"Hasa huyo!"

Darasa zima likaangua kicheko. Vedad aliendelea kucheka hata wenzake waliponyamaza.

Theluji ilipoyeyuka, akamwomba amdhamini mkopo wa kufungua mgahawa.

"Saini tu, roho yangu."

"Vedad, ulikuwepo darasani. Ulinisikia."

"Kumbe huniamini."

"Nakupenda. Sisaini."

Akaondoka, na simu akawa hapokei. Tusidanganyane, Nejra alimpenda. Alifundisha macho yamevimba, na kila simu ilipolia mezani alisahau alichokuwa akisema.

Hatimaye akapiga yeye.

"Mwalimu wangu."

"Vedad! Uko wapi wewe?"

"Kwenu. Nakunywa kahawa na mama. Njoo, mpenzi, nimekukumbuka mno."

Alikimbia njia nzima. Akamkuta mama amejifunga kitambaa chake cha sikukuu, kahawa inafuka, na kando ya bakuli la sukari pana kijisanduku cha pete.

"Nisamehe," Vedad alisema, akimshika mkono. "Sikupaswa kukuomba wewe kitu kile. Sitakuomba tena. Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo," alisema Nejra, machozi yakimtoka. "Ndiyo, mjinga wewe!"

Mama akapiga makofi. "Kijana ana adabu huyu! Asubuhi kanipeleka benki kwa gari, kwenye ngazi kanishika mkono kama mama yake mzazi."

Nejra akamgeukia mama yake. "Benki? Kufanya nini, Mama?"

Hasnija alikivutavuta kitambaa chake. "Mkwe kakaa kwangu, kanywa kahawa yangu, kaniomba kwa heshima. Ningemkataliaje, mwanangu? Baba yako naye asingekataa. Ni saini tu."

Nejra alitaka kuutoa mkono wake. Vedad hakuuachia. Alitabasamu, akakinyoosha kidole cha Nejra polepole, akamvisha pete.