Mguu Usiouma

Saa saba mchana duka la juisi la Megenagna, Addis Ababa, hujaa hadi watu wananywea wamesimama, na mwenye kiti hukikalia kama shamba la urithi. Siku hiyo kilibaki kimoja tu, mkabala na mwanamume mnene aliyevaa koti la kahawia lenye kifungo kimoja. Alikuwa akichota juisi nzito ya parachichi kwa kijiko, polepole, kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Senait Worku alimtupia jicho la dharau, akaweka juisi yake mezani, akaenda kuchukua mrija, akarudi akakaa. Hakuwa na namna. Alivaa suti ya michezo ya kijani, nywele kasuka mistari hadi kisogoni, na miguu yake mirefu haikupata pa kukaa chini ya meza ile.

“Pole, dada,” yule mnene alisema. “Umeumia?”

“Goti.”

“La mguu gani?”

“Kushoto. Kwani wewe daktari?”

“Hapana. Ila ulipoingia ulikuwa unachechemea kushoto. Ulipokwenda kuchukua mrija ukarudi unachechemea kulia. Nikasema labda miguu inapokezana zamu.”

Mtu wa meza ya jirani alicheka hadi juisi ikampalia. Senait alitaka kumtukana, kisha akamkazia macho, maana sauti ile aliijua. Nchi nzima iliijua. Ilikuwa sauti ya Tarik, yule katili wa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa maneno ya Kiamhari, ambaye kila jioni alimliza Mulu, mdogo wake Senait, hadi chakula kinapoa.

“Wewe ni Tarik!”

“Mdomo wa Tarik. Yule mrefu mwenye farasi ni Mturuki. Mimi naitwa Yonatan.”

Senait alimkagua kuanzia viatu vyenye ncha hadi kidevu, na kidevu cha pili. “Sauti ile inatoka humu?”

“Nimeipangia nyumba kubwa ili isibanwe.”

Alipoondoka, Senait alimwachia namba ya simu, ati kwa ajili ya Mulu. Wanawake wa Addis Ababa wameshatoa namba kwa visingizio vibovu zaidi ya hicho, lakini si vingi.

Tuseme ukweli: hakuna mgonjwa anayechosha kama mkimbiaji aliyeambiwa apumzike. Senait alikuwa amechaguliwa kukimbia marathoni Hispania, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Kwa miezi mingi alipanda na kushuka barabara ya Sululta na baridi ya alfajiri ikimkata masikio, wala hakuumwa hata ukucha. Kisha Kocha Gashaw akampunguzia mazoezi nusu, na nusu tena, ili mwili ukusanye nguvu kwa ajili ya siku yenyewe. Hapo ndipo mwanamke huyo mwenye mapafu ya punda akageuka bibi kizee. Goti, nyonga, kisigino, koo. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda na kiatu mkononi, hana hamu hata ya kufunga kamba. Mbio fupi za kunyoosha viungo zilimwelemea kama gunia la mchanga. Alipolalamika, Kocha alimjibu kwa neno moja: “Kaa.”

Baba yake, Mzee Worku, askari mstaafu ambaye hajawahi kumsifu kiumbe yeyote, alimtazama amelala sebuleni akasema, “Jeshini tungekuwa tumekuzika.”

Basi akabaki na simu.

“Habari za nyumbani?” Yonatan alikuwa akimpigia kila asubuhi. “Goti kaamkaje? Nyonga kala?”

“Usinidhihaki. Leo ni ugoko.”

“Ugoko! Mgeni huyo. Kaja lini?”

“Yonatan, naumwa kweli!”

“Sawa, mrembo wangu. Tuwekeane sheria. Maumivu yote utaniambia mara moja, tukinywa kahawa. Ukishamaliza, hakuna kuyataja hadi kesho. Hata ukikatika mguu, unyamaze.”

Walikutana kwa mama mmoja muuza kahawa karibu na studio alikorekodia Yonatan. Senait alizoea kugida kikombe cha kwanza na kuinuka. Yonatan alimshika mkono, akamlazimisha angoje cha pili na cha tatu, hadi ubani uishe kwenye chetezo. Mwanzoni Senait aliona anateswa. Alimdharau mtu huyu anayepumzika ghorofa ya kwanza akielekea ya pili, anayeita teksi kuvuka mzunguko wa barabara. Naye Yonatan hakuficha yake.

“Kukimbia bila kukimbizwa,” alisema, “mtoto akifanya hivyo hupelekwa kwenye maji ya baraka atolewe pepo.”

“Na wewe ungekimbizwa na fisi?”

“Ningemsomea kipande cha Tarik. Angelia.”

Senait alicheka hadi netela yake, ile shali nyeupe nyepesi, ikamdondoka begani. Kufikia kikombe cha tatu alikuwa amesahau ana miguu. Mapenzi yaliingia hivyo, kwa matusi, na wenyewe walidhani wanapoteza muda tu.

Wiki ya safari ilipokaribia, ugoko ukazidi. Mchana mmoja alimpigia Yonatan akiwa kazini.

“Siendi,” alisema huku analia. “Mguu unawaka moto. Leo namwambia Kocha ampe mwingine nafasi yangu.”

“Usimwambie mtu. Nimalize kipande hiki, nakuja.”

Yonatan aliweka simu mezani, lakini hakuikata. Senait, akiwa bado ameibana sikioni, aliisikia sauti ile nzito, wazi kabisa: “Haumwi popote. Ni woga tu. Kila siku maumivu, maumivu! Nimechoka kuuguza mguu usiouma.”

Alikata simu. Yonatan alipofika langoni aliambiwa na Mulu kwamba dada kalala. Alipopiga, simu haikupokelewa. Jioni Mulu, shabiki mwaminifu, alipohadithiwa maneno yale alikuja na dawa.

“Dada, si alikuwa kazini? Huo ni mchezo! Tarik anamwambia mkewe. Yule mwanamke kila siku anaumwa kichwa!”

Senait aliinuka ghafla. Aliona aibu kwa kumhukumu mtu bure. Akampigia.

“Niambie kitu kimoja. Maneno yale yalikuwa ya Tarik?”

Yonatan alikuwa amefunguliwa mlango mpana wa kutokea.

“Hapana,” alisema. “Yalikuwa yangu. Nilimwambia fundi wa mitambo.”

“Unanidharau, basi.”

“Nadharau woga wako. Tena nilikosea kumwambia yeye. Ningekuambia wewe.”

“Mfuko wa mafuta wewe!” Senait alipiga kelele. “Usiyeweza kupanda ngazi! Usinipigie tena maishani mwako!”

Asubuhi iliyofuata alifanya alichokatazwa: alikwenda Entoto kukimbia mlima. Alitaka ugoko uvunjike, ili mnene yule aone haya. Alipanda kwa hasira katikati ya mikaratusi, akiusikilizia. Ugoko haukusema kitu. Akaongeza mwendo. Mguu uliitika kama farasi aliyefungiwa zizini siku nyingi, mwepesi, wenye nguvu ambazo hakuwahi kuzijua. Hakuna moto wala sindano. Miguu yote miwili ilikuwa mizima kama siku aliyozaliwa.

Furaha haikumjia. Alijiona kituko. Kumbe alikuwa tayari kuitupa Hispania kwa maumivu aliyoyapika mwenyewe, na sasa alikuwa karibu kuitupa tena, kwa kuimaliza mlimani nguvu iliyokusanywa kwa ajili ya siku moja. Alisimama. Vijana wa mazoezi walimpita wakimcheka, “Dada, petroli imeisha?” Aligeuka akashuka kwa kutembea, na hatua zile zilimgharimu kuliko mbio zote za Sululta.

Alikwenda moja kwa moja studio, viatu vina matope.

Yonatan alitoka kwenye kile chumba kidogo cha kurekodia, jasho likimtiririka. “Umekimbia,” alisema.

“Nilianza, nikaacha.”

“Na ugoko?”

“Kimya. Mwongo mkubwa.” Alivuta pumzi. “Usinipe pole, nimekuja kukutukana.”

“Karibu. Kaa basi.”

“Nitasimama. Wewe unaniita mwoga? Wenye jumba la maigizo wamekuita mara ngapi upande jukwaani? Umekataa kila mara, ati ratiba. Ratiba ya nini? Unaogopa watu watazame kitambi chako wacheke. Umejificha ndani ya sanduku, unaongea kwa mwili wa Mturuki!”

Nyuma ya kioo, fundi wa mitambo alijifanya anafungua waya.

“Nani kakuambia hayo?” Yonatan aliuliza taratibu.

“Wewe. Kwenye kikombe cha tatu. Ulidhani nasikiliza goti langu.”

Yonatan alikaa, kiti kikalalamika. Alijipangusa uso kwa leso, kisha akaangua kicheko kisicho na raha. “Kwa hiyo tuko waoga wawili.”

“Wewe umenizidi.”

“Haya. Wewe nenda Hispania. Mimi nitawaambia nakuja. Atakayerudi nyuma asijitokeze mbele ya mwenzake.”

“Utarudi nyuma wewe.”

“Tutaona, mrembo wangu.”

Hakurudi nyuma hata mmoja. Senait alikimbia. Maumivu ya kweli yalimwingia njia ikikaribia kuisha, yakaanzia kwenye mapaja hadi mbavuni. Alitambua mara moja kwamba hayana undugu na yale ya kitandani. Aliyatukana kwa Kiamhari mbele ya Wahispania, akamaliza wa tano. Kocha Gashaw, aliyekuwa akimngoja, alimfunika blanketi akasema, “Si mbaya,” na kwa Kocha hayo ni mashairi. Mwezi huohuo Yonatan alisimama jukwaani akiigiza hakimu mla rushwa. Watu walicheka pasipo mahali pa kucheka, halafu wakacheka penyewe, mwishoni wakapiga makofi. Senait alikuwa safu ya mbele, gauni jeupe lenye pindo jekundu, akipiga mbinja kwa vidole mdomoni na kushangilia kama mtu wa uwanjani.

Jumapili moja baada ya hapo, wazee watatu walibisha nyumbani kwa Mzee Worku huko Kotebe, mashuka meupe mabegani. Yonatan alibaki nje kwenye gari, maana mchumba hajiombei. Wazee walisimama mlangoni, wakakataa kukaa hadi waseme lililowaleta. Jikoni Senait alikuwa akikaanga kahawa na kutega sikio, na Mulu kamganda mgongoni.

“Tumekuja kuomba binti,” alisema mkubwa wao. “Tuna kijana.”

“Anafanya kazi gani?” Mzee Worku aliuliza.

“Anaongea, ndugu yetu.”

“Anaongea!” Mzee Worku aliwatazama mmoja mmoja. “Naye binti yangu anakimbia. Mmoja anaongea, mwingine anakimbia. Kazi atafanya nani?”

Wazee waliinamisha vichwa.

“Nimewanyima,” Mzee Worku alisema, kama mila inavyomtaka baba mara ya kwanza. “Rudini Jumapili ijayo niwanyime tena. Mje mapema, mama watoto atakuwa amechinja kuku. Sasa kaeni mnywe kahawa, mbona mmesimama kama watu wa kudai?”

Jikoni Mulu alimfinya dada yake hadi akapiga yowe.

Walipomaliza kikombe cha tatu wazee walitoka. Mkubwa wao aliinama kwenye dirisha la gari, ambamo Yonatan alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa.

“Tumekataliwa vizuri sana, mwanangu,” alimwambia. “Kashone suti.”