Rula ya Fundi Nyoosha

Asubuhi hiyo nyumba ya Fundi Nyoosha ilikuwa shwari. Cherehani ililia taratibu dirishani, mkewe alikuwa akiandaa chai, na binti yao alikuwa akipiga pasi gauni la mteja. Fundi akainua macho, akamwona binti amejiinamia kidogo. Amani ikaishia hapo.

"Nyooka! Nguo zangu zitakaaje kwenye mgongo uliopinda?"

Jamaa zangu, aliyesema hivyo alikuwa na kibyongo cha kutisha, kwa miaka ya kushona huku kidevu kikikaribia sindano. Nyani haoni kundule. Aliamini mgongo ni kama kitambaa, ukipigwa pasi umenyooka. Akachukua rula yake ndefu ya mbao, ya kupimia vitambaa, akamfunga nayo binti mgongoni kwa mikanda, kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Utaivaa kutwa, ndani ya nguo."

"Mume wangu, huyu ni mtoto, si mlingoti," mkewe akasema.

"Mambo ya vipimo niachie mimi."

Eti kujua kukata suruali tu, kashakuwa daktari!

Wateja walisifu mno. "Tazama binti anavyosimama!" Fundi kichwa kikavimba. Na hao wateja, macho wanayo ya kutazamia mishono tu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini msichana akiitwa hugeuka mwili mzima. Miezi ikapita, kiuno kikamuuma hadi akalia. Baba akasema ni deko, akakaza mikanda. Siku binti alipoinama kuvaa viatu akaanguka asiweze kuinuka, mama aliifungua rula mwenyewe, akawapeleka wote wawili hospitalini.

Ukutani kwa daktari palikuwa na picha ya uti wa mgongo ulioonekana kutoka ubavuni. Fundi akatikisa kichwa.

"Masikini, huyu kapinda vibaya!"

"Huyo ndiye mzima," daktari akajibu. "Shingo huingia ndani, mgongo wa juu hutoka nje, kiuno huingia tena. Mipindo hiyo ndiyo inayobeba uzito wako ukitembea. Ya binti yako umeilaza, na misuli imekakamaa."

Fundi akataka kubisha. Binti akamtangulia.

"Baba, nimenyooka kama ulivyotaka. Mbona siwezi hata kufunga kamba za viatu?"

Binti alipewa mazoezi, na nafuu inakuja kwa kusuasua. Mpaka leo, kila asubuhi, Fundi Nyoosha hupiga magoti sakafuni, akamfunga binti yake kamba za viatu.

FUNZO

Mgongo una mipindo yake, na haikuwekwa kwa makosa. Kaa kiuno kikiwa kimeegemezwa, nyayo zikigusa sakafu, kazi ikiwa usawa wa viwiko, na usimame kunyoosha viungo mara kwa mara. Usijikunje kama Fundi, wala usijikaze kama ubao. Na wewe mzazi unayejua kila kitu, muulize mtoto anaumwa wapi kabla hujamrekebisha.