Mwanga Uliomtosha Nyamizi

Haya yalimpata Lukelo, rafiki yangu mpiga picha wa Ifakara.

Aliitwa kijijini Mofu kupiga picha ya familia: Nyamizi, mumewe Yoramu na mapacha wao. Wingu la mvua lilikuwa limetanda na sebule ilikuwa giza, kwa hiyo akafunga flashi juu ya kamera. Kabla hajapiga, kimota ndani ya flashi kikalia, zzz, zumu, ile sehemu ya kubana na kupanua mwanga, ikapanda yenyewe hadi mwisho. Mwanga ukawa mwembamba. Alipopiga, kwenye picha Nyamizi aling'aa katikati, wenzake wakamezwa na giza.

Lukelo akaishusha zumu ili mwanga uenee. Zzz, ikapanda tena. Akazima otomatiki, akabadilisha betri. Ikapanda.

“Mbona naonekana peke yangu?” Nyamizi aliuliza.

“Mama Kulwa, imekupenda wewe,” Yoramu akacheka.

Lukelo aliona aibu, akaahidi kurudi siku nyingine.

Jioni ile familia ilivuka mto kwenda kusalimia ndugu. Mtumbwi ukapinduka. Aliyetolewa majini akiwa hai ni Nyamizi tu.

Baada ya mazishi alimwita Lukelo, akaketi kwenye kiti alichokalia siku ile ya picha.

“Nipige sasa, kaka. Hakuna wa kufichwa.”

Lukelo aliipandisha zumu mwenyewe hadi mwisho, mwanga wa kumtosha mtu mmoja. Akainua kamera. Ndipo kimota kikaanza kulia, taratibu, zumu ikashuka yenyewe mpaka chini kabisa, ule mwanga mpana wa kupigia familia nzima.