Kalamu Kumi na Mbili za Mhadhiri

Jirani zangu, na nyinyi mnaokuja dukani kwangu na karatasi kwapani, kaeni kidogo. Leo mashine nimezima, nasimulia. Duka langu liko mkabala na geti la chuo kikuu: mashine mbili za fotokopi, moja nzima na moja ya kubembelezwa, gundi, mkasi, na kisu cha kukatia kingo za vitabu. Najalidi tasnifu, ndiyo maana wanafunzi wananiita Mama Jalada. Mdomo ninao, nakubali. Lakini siku niliyotakiwa kuutumia niliufunga, na hilo ndilo linaloniuma.

Katika nyumba za wafanyakazi, nyuma ya maktaba, iliishi familia ya watu watatu. Baba alikuwa mhadhiri wa afya ya jamii. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati. Binti yao wa miaka kumi alikuwa kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja. Kila Jumamosi asubuhi walipita mbele yangu kwenda sokoni, baba kabeba kikapu, binti katikati akiuliza maswali yasiyo na kituo. "Baba, kwa nini kivuli hakina macho?" Na yule baba, badala ya kumwambia anyamaze, alisimama palepale barabarani, magari yakimpigia honi, akamjibu. Nilikuwa nikiwatazama nasema moyoni, nyumba hii ina heri.

Heri hiyo ilivurugwa na tangazo moja lililobandikwa ubaoni. Chuo kilitaka kupanda katika orodha ya vyuo bora, kikasema mhadhiri asiyetoa makala mpya katika jarida kabla ya mwisho wa mwaka, mkataba wake hautaongezwa. Na nyumba ni ya chuo. Mkataba ukikatika, na funguo unarudisha.

Mhadhiri alikuwa na utafiti wa maana. Alitaka kujua kama maji ya visima vya mtaa wa bondeni yanawaumiza watu. Nikamtolea nakala mia nne za hojaji: mnachota wapi, mnachemsha, nani kaumwa tumbo mwezi huu. Akaenda kwa miguu, mlango kwa mlango. Baada ya wiki moja aliniletea sitini na moja nizitoboe ziingie kwenye faili. Moja ilikuwa na masizi. Nyingine mtoto kachora mbuzi nyuma. Nyingine ina majibu nusu, na pembeni Mhadhiri kaandika: "Kaniambia nirudi, mboga inaungua."

"Mhadhiri, karatasi hizi zimetoka vitani?" nikamtania.

Akacheka. "Zimetoka kwa watu, Mama Jalada."

Kisha mvua zikaanza, bondeni kukawa hakupitiki. Mkuu wa idara kila akimwona anamuuliza, "Bwana, makala iko wapi? Siku zinakwenda." Jumamosi moja Mhadhiri akaja dukani peke yake, bila kikapu. Akanunua kalamu kumi na mbili: za bluu, nyeusi, nene, nyembamba, hata moja ya kijani.

"Za nini zote hizo, mwanangu?"

"Za wadodosaji, watakaonisaidia kuuliza," akasema, macho kwenye kaunta.

Wadodosaji gani, na bondeni maji yamefika magotini? Nilijua. Nawaambieni kweli, nilijua. Lakini alikuwa mteja wangu na mtu mpole, nikamfungia kalamu zake nikamwambia karibu tena.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mkewe, siku aliyokuja kulia dukani kwangu. Baada ya chakula cha mchana Mhadhiri alifuta meza, akapanga karatasi mafungu matatu.

"Mke wangu, mwanangu, nisaidieni. Zimebaki mia tatu thelathini na tisa."

"Kusaidia nini? Watu wenyewe wako wapi?"

"Nimeshaongea na sitini na mmoja. Wengine nawajua watakavyojibu."

"Mimi nawatibu kila siku, na siwajui hivyo."

"Basi tuhame. Niambie tutahamia wapi."

Yule mama akavuta kiti. Jamani, msimhukumu upesi. Ukiulizwa mwanao atalala wapi, ulimi unakuwa mzito.

Binti akapewa kalamu ya kijani na fungu dogo. Baba akamfundisha: ukimaliza tano, badilisha kalamu, hii laza herufi, hii zisimamishe. Mtoto akafurahi, akadhani ni mchezo. Sasa sikilizeni hapa. Kwenye swali la tumbo, aliyejibu "ndiyo" alitakiwa kujaza maswali mengine sita: siku ngapi, dawa gani, nani mwingine. Aliyejibu "hapana" aliruka mpaka mwisho. Kufikia karatasi ya mia vidole vinauma, migongo inauma. Wote watatu wakawa wanaweka "hapana", bila hata kuambiana. Mtaa mzima ukapona pale mezani.

Makala ikatoka. Nilimjalidia nakala kwa herufi za dhahabu, mkuu wa idara akampa mkono mbele za watu, mkataba ukaongezwa. Wakati huohuo baraza la mji lilikuwa na mtambo mmoja wa kusafisha maji na mitaa miwili inayouhitaji. Wakasoma makala ya Mhadhiri. Kumbe bondeni hawaumwi sana! Mtambo ukapelekwa mtaa mwingine.

Haikupita miezi mingi zahanati ikajaa watoto wa kuharisha. Muuguzi kila akiuliza mnatoka wapi, jibu ni bondeni. Siku moja mama mmoja mfua nguo alimleta mwanawe amelegea, macho yameingia ndani. Muuguzi alipokuwa akitafuta mshipa wa kuwekea dripu, yule mama akasema taratibu, "Dada, tunasikia wataalamu walipita kutuuliza, wakaona hatuumwi. Kwangu hawakufika. Labda nilikuwa mtoni." Muuguzi akamaliza kufunga dripu, akaenda chooni akajifungia akalia. Huenda karatasi ya mama huyo aliijaza yeye.

Wiki hiyohiyo wazazi wakaitwa shuleni. Mwalimu wa sayansi aliwawekea mezani daftari na kopo lenye mche wa harage.

"Kila mtoto alitakiwa kuupima mche wake kwa wiki mbili," akasema. "Huu ulikufa siku ya nne, nauona kila siku dirishani. Lakini daftari lina vipimo vya siku kumi na nne, na unarefuka vizuri tu!"

Mhadhiri akapandwa na hasira. "Mwanangu, umeniaibisha. Nani kakufundisha uongo?"

Binti akamtazama kwa mshangao. "Lakini baba, nilibadilisha kalamu kila baada ya tano. Kama ulivyosema."

Mwalimu hakuelewa. Wazazi walielewa. Walirudi nyumbani kwa miguu, na kwa mara ya kwanza mtoto yule hakuuliza swali lolote njiani. Hilo, mkewe aliniambia, ndilo lililomvunja Mhadhiri kuliko yote.

Haukupita mwezi, chuo kikaunda kamati ya kukagua tafiti zote, maana majarida yalishaanza kulalamika kuhusu takwimu za kubuni. Mimi niliitwa kueleza nakala nilizotoa, kwa hiyo nilikuwepo chumbani. Kati ya wakaguzi watatu alikuwemo bibi mtunza nyaraka, karibu kustaafu, miwani puani. Hakusoma. Alizipapasa karatasi moja moja, akazigawa mafungu mawili.

"Hizi sitini na moja zimekunjwa, zina masizi, zina mbuzi," akasema. "Hizi nyingine hazijaingia hata mfukoni. Mia tatu thelathini na tisa, na hakuna hata mmoja aliyekataa kujibu? Kwangu tuko wanne, nikiuliza mtakula nini leo, mmoja lazima aninunie!"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti, mtu wa huruma, akamfungulia Mhadhiri mlango. "Pengine wadodosaji wako walikudanganya. Tupe majina yao tu."

Mlango ulikuwa wazi, ndugu zangu. Angetaja wanafunzi wawili watatu, wangefukuzwa wao, naye angelala kwake. Nikamwona anafungua mkoba, anatoa daftari la binti yake, analiweka juu ya zile karatasi safi.

"Hakukuwa na wadodosaji," akasema. "Nilizijaza mezani kwangu. Nikamfundisha na mwanangu. Watoto wa bondeni wanaumwa kwa sababu yangu."

Nami nikainuka kabla sijaulizwa. "Kalamu nilimuuzia mimi. Na nilijua."

Makala ikaondolewa jaridani. Mhadhiri alishushwa cheo akawa msaidizi, nyumba wakairudisha, wakahamia vyumba viwili nyuma ya soko. Yeye mwenyewe alikwenda baraza la mji kusema kweli, akatukanwa, naye akasimama palepale. Na kamati, tuwape haki yao, waliandika pia kwamba chuo kilihesabu makala kikasahau kuuliza zilipatikanaje. Lile tangazo likabanduliwa. Mtoto wa mfua nguo alilazwa wiki tatu akapona, Mungu ashukuriwe. Mtambo wa pili ulichukua miezi saba kufika.

Mvua zilipokata, Mhadhiri alikuja na kikapu. Akatoa nakala mia nne upya. Kila Jumamosi alishuka bondeni, mkewe siku asipokuwa zamuni akamfuata, na binti kashika chupa ya maji, maswali yamemrudia. Karatasi zikaanza kurudi zimekunjwa, zina matone ya chai, nyingine zimeandikwa "amekataa". Nilipokuwa nazitoboa nikakuta ya yule mfua nguo. Chini kabisa, palipoulizwa kama ana la kuongeza, Mhadhiri aliandika maneno ya mama yule kama alivyoyatamka: "Mbona mwaka jana hamkuja? Nilikuwepo."

Nikaweka kitoboleo chini.

MAFUNZO

Msomi anayejaza jibu la mtu asiyemuuliza amemnyang'anya mtu huyo kinywa chake, na siku akilia hakuna atakayemsikia. Wakuu wa vyuo, mkihesabu makala bila kuuliza zimetoka wapi, mnawafundisha watu wema kudanganya. Wazazi, mtoto hafuati mnayomwambia, anafuata mnayofanya mezani. Na aliyekosea asingoje kufumaniwa, wala asimtwishe mnyonge mzigo wake. Mficha uchi hazai.

La mwisho ni langu mimi. Tuliojua tukanyamaza, nasi tulishika kalamu. Siku hizi mtu akija kwangu anataka kalamu kumi na mbili za rangi tofauti, namvutia kiti, namuuliza ni za nini. Akiangalia kaunta, simuuzii.