Mvumo Chumbani kwa Dada

Haya sikuhadithiwa. Yalitokea nyumbani kwa dada yangu wa tumbo moja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika waya.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Nguo ziko kambani, mtoto anatambaa na kutia mdomoni kila anachookota, na shemeji, fundi redio asiyekubali kushindwa, amegeuza chumba cha kulala kuwa studio. Magodoro aliyaegemeza ukutani, kinasa sauti akakiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kesho yake dada alikuwa anakwenda kupasuliwa koo. Daktari hakumficha: uhai atabaki nao, sauti hapana. Dada alitaka kumwachia binti yake hadithi moja aliyoitunga kichwani, ya kuku aliyeogopa mvua, ili akikua ajue mama yake alikuwa anaongeaje.

Tatizo lilikuwa mvumo. Kila dada akifungua kinywa, nyuma yake unasikika mmmm mrefu usiokata pumzi.

"Umeme huo," shemeji alisema. "Ngojeni niutie adabu."

Tukazima friji. Tukachomoa chaja, kompyuta ya kurekodia ikabaki na betri yake. Waya wa kinasa sauti tukaulaza mbali na waya wa umeme, maana zikilala pamoja huambukizana. Akakaza na waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, uliokuwa umelegea. Mvumo ukapungua, halafu ukarudi. Dada alifika nusu ya hadithi, akakohoa, akashika koo. Sauti ilikuwa inamwisha mbele ya macho yetu, na sisi tunahangaika na plagi. Nilitamani kulia.

Shemeji akazima swichi kuu. Nyumba nzima ikanyamaza, isipokuwa mvumo. Kwenye hedifoni ulikuwa umesogea karibu zaidi.

"Labda ni wa jirani," nilinong'ona.

"Jirani yupi?" aliniuliza. Nyumba yao iko peke yake mwisho wa njia.

Alibaki na njia moja. Unarekodi chumba kikiwa kitupu, kompyuta inaijua kelele yake, kisha inaichuja popote inapoikuta. Tukatoka wote. Tukasimama uani, dada kambeba mtoto, hakuna aliyetoa neno. Shemeji akarudi ndani, nami nyuma yake. Akachuja, na kwa papara akahifadhi kazi juu ya ile ya kwanza. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Akabonyeza. Mvumo haupo. Na sauti ya dada haipo. Kimya, mwanzo mpaka mwisho.

Akafungua ile ya chumba kitupu, akaongeza sauti. Akaganda. Kisha akanipa hedifoni.

Ndani ya mvumo mlikuwa na mwanamke. Anasimulia. Kuku na mvua. Ilikuwa sauti ya dada. Na dada nilimwona dirishani, yuko uani, kafumba mdomo.

"Rudisha," nilinong'ona.

Akarudisha. Safari hii ulikuwa mvumo mtupu.

Tukamwita dada aanze upya. Kinasa sauti kilinasa ndege wa nje, kikanasa pumzi yake, lakini neno lake hata moja hakikunasa. Akarudia, akarudia, sauti ikamkatikia palepale nusu ya hadithi. Akapiga magoti mbele ya ile ndoo, akakisihi kile chuma kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu akiomba vile, na Mungu asinionyeshe tena.

Upasuaji ulikwenda salama. Shemeji aling'oa nyaya zote za chumba kile, akaziba matundu kwa saruji.

Mtoto sasa anaongea. Leo asubuhi, tukiwa jikoni, alinisimulia hadithi ya kuku aliyeogopa mvua. Akavuka nusu. Akaimaliza. Dada akaacha sufuria ikaanguka, akaniandikia kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani: ndivyo inavyoisha.

"Nani kakusimulia, mwanangu?" nilimuuliza mtoto.

"Mama wa ukutani," alisema. "Anasema amechoka humo. Mumtoe."

Tangu hapo dada hajatoka chumbani. Kabandika sikio kwenye saruji, machozi yanamtiririka, anaitikia kwa kichwa. Shemeji kaenda kutafuta nyundo. Nimeigusa ile saruji kwa kiganja. Inavuma, na ina joto.