Jiwe la Meko kwa Hannaford

Thirza Hannaford alikuwa akimenya viazi, mchana kweupe, aliposikia sauti: krr, krr, jiwe juu ya jiwe, kama mtu anasaga nafaka chini ya meko yake. Akasema ni panya. Panya gani anayesaga?

Juma hilo mumewe, Eli, alikuwa ametengeneza meko upya. Wanaume wenzake huchonga mawe. Yeye, mvivu wa kuzaliwa, alipanda mlimani kwenye zile duara za mawe, nyumba za watu wa kale zisizo na paa, akang'oa jiwe bapa la katikati, akaliburuta kwa farasi hadi mekoni kwake.

"Lirudishe, baba Tamsin."

"Nimrudishie nani? Wenyewe walikufa Nuhu hajanunua mbao."

Ikaja harufu ya ngozi mbichi na mafuta yaliyoungua. Kisha Tamsin, mtoto wao wa pekee, akaacha kula, akawa anachuchumaa mbele ya moto huku mikono yake ni baridi.

"Unanong'ona na nani, mwanangu?"

"Na bibi anayesaga. Anasema nyumba ni yake. Na mimi wake."

Hapo Eli akashika adabu. Akalirudisha jiwe mlimani, lakini kusaga hakukukoma, kukawa kunatoka kwenye udongo mtupu, kukapanda kutani, kukaingia kitandani alipolala mtoto, ambaye kila asubuhi alikuwa mwepesi kuliko jana.

Wakamwita Bi Endacott, mganga. Kule mganga halipwi wala hashukuriwi. Ukimshukuru, dawa imekufa. Kila mtu mzima anajua. Bi Endacott akainamia meko, akanuia maneno yake, na nyumba ikanyamaza. Harufu ikaondoka. Tamsin akaomba mkate.

Thirza aliuma ulimi asishukuru. Wakamsindikiza mganga wote watatu hadi nje, kwenye ukungu.

"Asante, bibi," akasema Tamsin.

Mtoto wa adabu. Adabu yenyewe mama yake alimtia kwa makofi.

Bi Endacott akasimama, hakugeuka. "Hamkumwambia?"

"Ni mtoto tu," Eli akanong'ona. "Rudia, mama. Tafadhali."

"Hairudiwi." Akaenda zake.

Nyuma yao, ndani ya nyumba isiyo na mtu, sauti ya kikongwe ikajibu taratibu:

"Karibu."

Thirza akamdaka mtoto kwa mikono miwili, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, naye Tamsin akapita katikati ya mikono ile kama moshi, akajipangusa miguu mlangoni, akaingia.